Laravel imesakinishwa lakini haiwaki: kabla hujafuta tena, uliza ni PHP ipi inayojibu

Swali: Habari mwalimu. Niko Arua, najifunza kutengeneza tovuti ili nimtengenezee mjomba wangu mfumo wa kuhesabu mali dukani kwake. Kompyuta yangu ni ya Windows 10 na nina XAMPP, kifurushi chenye seva ya Apache, lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL. XAMPP hiyo ni ya zamani kidogo, kwa hiyo nilipakua pia PHP mpya nikaiweka C:\php. Nilipojaribu kusakinisha Laravel, kiunzi cha kutengenezea tovuti kwa PHP, Composer (programu ya kushusha vifurushi vya PHP) ilikataa ikataja ext-fileinfo. Rafiki yangu wa Kampala akanitumia mradi wake kwenye flashi kwa basi. Nimeuweka ndani ya htdocs, folda ya tovuti ya XAMPP. Nikifungua localhost naona orodha ya folda tu. Nikiandika php artisan serve, amri ya kuwasha seva ya Laravel, naletewa kosa linalotaja vendor/autoload.php. Nimefuta na kusakinisha upya mara kadhaa mpaka bando limekwisha. Nakosea wapi?

Jibu: Ndugu yangu, acha kufuta kwanza. Ulichoniandikia si tatizo moja, ni matatu yaliyorundikana, na hakuna hata moja linaloondoka kwa kufuta folda ya mradi. La kwanza halimo ndani ya mradi kabisa. Limo kwenye PHP ya kompyuta yako, na PHP haiguswi unapofuta mradi. Unabadilisha sufuria wakati jiko ndilo halijawaka. Ndiyo maana bando limekwisha na ujumbe ni uleule.

Nikueleze kwanza kinachotokea ukifungua ukurasa, maana ukikijua utaacha kubahatisha. Laravel, tangu Taylor Otwell alipoitoa mwaka 2011, ni mafaili ya PHP tu, haiwaki yenyewe. Kivinjari kinaiita seva, seva inaiamsha PHP, PHP inasoma public/index.php, faili hilo linaita vendor/autoload.php (vendor ni folda ya vifurushi vinavyoletwa na Composer), kisha .env, faili la mipangilio, inasomwa, na mwishoni ndipo hifadhidata inapoguswa. Pakikatika popote, vya mbele havifikiwi. Kwa hiyo siku utakayoona kosa linalolalamikia hifadhidata, usikate tamaa. Hiyo ni dalili kwamba PHP, vendor na .env vimeshapita salama. Wewe kwa sasa umekwama mapema zaidi.

Sasa swali ambalo karibu kila anayeniandikia hulikwepa: ukiandika php kwenye terminali, ni PHP ipi inayojibu? Wewe unazo mbili, ya XAMPP iliyoko C:\xampp\php na hiyo uliyoiweka C:\php. Fungua terminali uandike amri hizi, moja baada ya nyingine:

where.exe php
php -v
php --ini

Nimeandika where.exe kwa makusudi. Ndani ya PowerShell, neno where peke yake ni amri nyingine, na itanyamaza tu usione kitu. Amri ya kwanza inaorodhesha kila php.exe ambayo Windows inaiona. Iliyo juu ndiyo inayotumika. Ya pili inataja toleo. Ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote: tafuta mstari ulioandikwa "Loaded Configuration File". Hapo unaambiwa ni php.ini lipi, yaani faili la mipangilio ya PHP, linalosomwa kweli, si lile unalodhani linasomwa. Nimeona watu wakihariri C:\xampp\php\php.ini kwa bidii asubuhi nzima huku PHP inayojibu ikiwa ya C:\php, isiyojua hata kwamba faili hilo lipo.

PHP inayopakuliwa kwa zipu haiji na php.ini. Inakuja na mafaili mawili ya mfano, php.ini-development na php.ini-production, na wewe ndiye unayetakiwa kunakili moja na kuliita php.ini. Usipofanya hivyo PHP inawaka, php -v inajibu vizuri kabisa, lakini viendelezi vyake vingi (vipande vya ziada vya PHP, kama fileinfo) vinabaki vimelala.

Kwa upande wako nadhani php.ini lipo. Sababu yangu ni hii: Composer yako ilifika mpaka kulalamikia fileinfo. Ili ifike hapo ilibidi izungumze na mtandao, na bila openssl, kiendelezi cha mawasiliano salama, isingeweza. Openssl, basi, imewashwa na mtu. Mtu huyo huenda ni kisakinishi cha Composer chenyewe, ambacho kikikuta PHP haina php.ini hujitolea kuliunda na kuwasha viendelezi ambavyo Composer inavihitaji. Mahitaji ya Laravel hayakihusu. Ndipo unapata ujumbe huu:

requires ext-fileinfo * -> it is missing from your system

Maana yake si kwamba fileinfo haijapakuliwa. Ipo kwenye folda ya C:\php\ext, jina lake php_fileinfo.dll, nenda ukaiangalie kwa macho yako. Imefungwa tu. Fungua php.ini uliloonyeshwa na php --ini, tafuta mistari hii, na kila penye nukta mkato mwanzoni mwa mstari, iondoe:

extension=curl
extension=fileinfo
extension=mbstring
extension=openssl
extension=pdo_mysql
extension=pdo_sqlite
extension=zip

Kama PHP ingekuwa nje ya C:\php ningekwambia pia uondoe nukta mkato mbele ya extension_dir = "ext". Hata kwako haidhuru ukiiondoa. Hifadhi faili, funga terminali, fungua mpya, andika php -m. Orodha itakayotoka ni ya viendelezi vilivyowaka kweli. Kama fileinfo haimo, umehariri faili lisilo lenyewe. Rudi kwenye php --ini.

Huo mstari wa mwisho, wa zip, haukutajwa kwenye kosa lako lakini huenda ndio ulioila bando lako. Composer kwa kawaida hushusha kila kifurushi kikiwa kimebanwa kwenye zipu. Ikikuta kiendelezi cha zip kimefungwa, na kompyuta haina programu nyingine ya kufungulia zipu inayoijua, inaandika kwamba "zip extension and unzip/7z commands are both missing", halafu kwa heshima zote inajaribu njia ya pili: kuchukua kifurushi kutoka chanzo chake kwa git (programu ya kutunza historia ya msimbo), pamoja na historia ya mabadiliko yake ya miaka yote. Kwa mtu mwenye waya wa intaneti ofisini huo ni uchelewevu tu. Kwa mtu anayepima MB ni hasara tupu. Ukiona Composer inaandika "from source" mstari baada ya mstari, bonyeza Ctrl na C palepale, washa zip, ndipo uendelee.

Katika kutafuta msaada utakutana na ushauri wa kuongeza --ignore-platform-reqs mwishoni mwa amri. Usiufuate. Inaiambia Composer ifumbe macho, ikuwekee mafaili hata kama PHP yako haiwezi kuyaendesha. Kosa halijaondoka, limesogezwa mbele, na huko mbele litatokea likiwa na sura isiyoeleweka.

Kuhusu matoleo, Laravel 11 iliyotoka Machi 2024 na Laravel 12 iliyotoka Februari 2025 zote zinataka PHP 8.2 au zaidi. XAMPP ya zamani haifiki hapo. Ushauri wangu ni uchague PHP moja kwa ajili ya Laravel na iwe hiyo ya C:\php. XAMPP ibaki na kazi ya MySQL, kama utaihitaji, nitalirudia hilo. Ili C:\php ijibu kwanza, andika "environment" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, fungua orodha ya Path, ipandishe C:\php juu ya C:\xampp\php, kisha ufunge terminali na kufungua mpya. Terminali iliyokuwa wazi haijui kwamba umebadilisha kitu. Hili nalo limewaumiza vichwa wengi.

Tukija kwenye flashi, kosa la vendor/autoload.php halina fumbo lolote: folda ya vendor haipo au imefika nusu. Inawezekana rafiki yako aliuchukua mradi kutoka kwenye hifadhi ya git, na mradi wa Laravel umeagizwa usiweke vendor wala .env humo. Au alinakili folda nzima, na vendor ikamshinda njiani. Folda hiyo ina maelfu ya mafaili madogo madogo, na flashi za bei nafuu huchoka sana na mafaili ya namna hiyo. Siku nyingine mwambie abane mradi mzima kuwa zipu moja kwanza, ndipo anakili.

Ndani ya folda ya mradi, angalia kama kuna faili linaloitwa composer.lock. Kama lipo, andika:

composer install

Si composer update. Naona wanaoanza wakitumia amri hizi mbili kana kwamba ni moja. Install inafuata composer.lock, yaani inaleta matoleo yaleyale aliyonayo rafiki yako. Update inatupa makubaliano hayo pembeni, inakwenda kuulizia matoleo mapya ya kila kifurushi na kuyashusha. Ni bando zaidi, na unaweza kujikuta na mradi usiofanana na wake.

Kama vendor imefika kamili unaweza kukutana na ujumbe wa aina nyingine:

Your Composer dependencies require a PHP version ">= 8.2.0". You are running 8.0.30.

Hapo vendor ilijengwa kwenye kompyuta yenye PHP mpya, na inayojibu kwako ni ya XAMPP. Unarudi kwenye where.exe php. Unaona jinsi swali lile la kwanza linavyofuata kila mahali.

Linalofuata ni .env. Hili ndilo faili lenye mipangilio ya kompyuta husika: jina la hifadhidata, nywila, ufunguo wa kufungia taarifa. Kwa sababu lina siri, halisafiri na mradi. Utaona .env.example pekee. Fanya hivi:

copy .env.example .env
php artisan key:generate

Usipoandika amri ya pili utaletewa "No application encryption key has been specified", na hapo wengi hudhani Laravel imeharibika, kumbe inadai ufunguo wake tu. Jihadhari pia na Notepad: ukitengeneza .env kwa mkono na kuhifadhi, inaweza kuliita .env.txt, na Windows kwa kawaida huficha hizo herufi za mwisho usizione. Unaangalia folda, unaona .env, Laravel inasema haipo, mnabishana. Andika dir .env* kwenye terminali ndipo utaona jina lake kamili.

Kuna mtego mmoja unaowapata hasa wanaopokea miradi kwa flashi, na sijaona ukielezwa sana. Kama rafiki yako aliwahi kuandika php artisan config:cache, Laravel iliandika mipangilio yote kwenye bootstrap\cache\config.php, pamoja na njia kamili za folda za kompyuta yake. Faili hilo likija na flashi, Laravel yako itasoma hilo na kupuuza .env yako. Dalili yake ni ya ajabu: unaona kosa linalotaja C:\Users\ na jina la mtu asiyekuwa wewe, likisema haliwezi kuandika kwenye storage\framework. Dawa ni kuingia bootstrap\cache na kufuta mafaili yote yanayoishia na .php. Faili la .gitignore liache, na folda yenyewe iache. Hapo kufuta kunaruhusiwa.

Na ile orodha ya folda unayoiona ukifungua localhost? Hiyo si Laravel inayogoma. Laravel haijaitwa. Apache ya XAMPP inaonyesha kilichomo ndani ya htdocs kwa sababu mlango wa Laravel hauko kwenye folda ya juu. Uko ndani ya public. Ukiandika localhost/jina-la-mradi/public huenda ukurasa ukaonekana, na watu wengi huishia hapo wakiwa na furaha. Lakini mradi mzima sasa uko wazi mbele ya seva, na .env ikiwa mojawapo. Kwenye kompyuta yako ya nyumbani si hoja. Ukizoea mpangilio huo na siku moja ukaupandisha hivyo kwenye seva ya kulipia, mtu yeyote akiandika anwani yenye .env mwishoni anaweza kusoma nywila ya hifadhidata ya mjomba wako. Utakuta pia maelekezo ya zamani yanayokuambia ubadilishe jina la server.php kuwa index.php. Kwenye Laravel 9 na kuendelea faili hilo halimo tena kwenye mradi mpya, kwa hiyo usipoteze muda kulitafuta.

Toa mradi kwenye htdocs. Uweke C:\miradi\duka au popote penye jina fupi lisilo na nafasi, ingia humo kwa terminali, uandike php artisan serve. Itakujibu na anwani, kwa kawaida http://127.0.0.1:8000. Apache haihitajiki hata kidogo, unaweza kuizima. Kama 8000 imeshikwa na programu nyingine, Laravel itajaribu 8001 na kuendelea, kwa hiyo soma anwani iliyoandikwa, usikariri. Dirisha la terminali liache wazi. Ukilifunga umeizima seva. Na kama kivinjari kinazunguka bila mwisho huku terminali ikiandika "Unsupported SSL request", kivinjari kimebandika https mwanzoni. Andika http kwa mkono.

Artisan ikigoma kusikiliza kabisa, seva ya PHP yenyewe inaweza kuitwa moja kwa moja:

php -S 127.0.0.1:8080 -t public

Hii ni njia nzuri ya kupima. Ikifungua ukurasa, mradi ni mzima na shida iko kwenye amri ya serve au porti yake.

Sasa hifadhidata. Tangu Laravel 11, mradi mpya unatumia SQLite usipoagiza vingine, na taarifa za vikao vya watumiaji nazo huwekwa kwenye hifadhidata hiyo. Kwa hiyo hata ukurasa wa kukaribisha, ambao hauna kazi yoyote, unaweza kugoma ukisema "no such table: sessions". Jibu ni php artisan migrate, amri inayounda meza za hifadhidata. Ukiona "could not find driver" huna haja ya kupakua kitu. Pdo_sqlite au pdo_mysql imefungwa kwenye php.ini, na unajua sasa pa kwenda.

Kama mradi wa rafiki yako unatumia MySQL, tazama namba iliyo ndani ya mabano ya mraba, maneno yanayofuata yanaweza kusubiri. 2002 ni kwamba MySQL haijawashwa kwenye paneli ya XAMPP, au porti si ileile. 1045 ni jina la mtumiaji au nywila. Kwenye XAMPP ambayo haijaguswa jina ni root na nywila ni tupu. 1049 ni kwamba MySQL iko hai na imekupokea, ila hifadhidata yenye jina lililo kwenye .env hujaiunda. Namba tatu, sehemu tatu tofauti, na hakuna hata moja inayotibiwa kwa kusakinisha Laravel upya.

Kwa duka la mjomba wako mimi ningebaki na SQLite. Mtu mmoja au wawili wanaingiza mauzo kwenye kompyuta moja, hakuna inachopungukiwa. Hifadhidata nzima ni faili moja, database\database.sqlite, na jioni ukiisha kufunga programu unalinakili kwenye flashi, basi, una nakala ya akiba. Umeme ukikatika ghafla, MySQL ya XAMPP inaweza kugoma kuwaka tena ikiandika "MySQL shutdown unexpectedly", na kuifufua ni kazi ambayo hungependa kuifanya wateja wakiwa wamesimama kaunta. Siku duka likifungua tawi na kompyuta kadhaa zikahitaji kuandika kwa pamoja, hapo tutazungumza MySQL.

Ikitokea ukurasa ukaleta 500 tu bila maelezo, fungua storage\logs\laravel.log. Habari mpya ziko chini kabisa, lakini usisome mistari ya mwisho. Hiyo ni mlolongo wa mafaili yaliyopitiwa, yenye alama ya reli na namba. Panda juu mpaka uone mstari unaoanza na tarehe na maneno local.ERROR. Huo mmoja ndio wenye habari. Saa utakayoiona hapo itakuchanganya: Laravel huandika saa za UTC, na Uganda tuko saa tatu mbele. Kosa lililoandikwa 11:20 limetokea saa nane na dakika ishirini mchana kwetu. Ukitaka zilingane, tafuta timezone kwenye config\app.php na uweke Africa/Kampala; kama mstari huo unarejea APP_TIMEZONE, badilisha kwenye .env. Kwa mfumo wa mauzo ni lazima uifanye, la sivyo mauzo ya usiku wa manane mpaka kabla ya saa tisa alfajiri yatahesabiwa siku iliyopita. Najua mjomba hafungui usiku, lakini tarehe za hesabu hazitakiwi kukisiwa.

Turudi kwenye bando, kwa sababu kwako ndilo linalouma. Composer huhifadhi kila zipu iliyowahi kuishusha, kwa miezi sita usipoibadilisha, mpaka jumla ifike MB 300 hivi. Andika hii uone zilipo:

composer config --global cache-dir

Mwombe rafiki yako aandike hiyohiyo kwake, abane folda hiyo, akutumie kwenye flashi pamoja na mradi wenye composer.lock. Ukiiweka mahali pake kwenye kompyuta yako na kuandika composer install, Composer itachukua kwenye akiba kila kilichomo na kushusha kinachokosekana tu. Ndiyo maana pia nakusihi usiandike composer clear-cache kila unapokwama, kama watu wanavyoshauriana. Unafuta MB ulizokwisha kuzilipia.

Jambo dogo kwa wenye kompyuta za mtumba: betri ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa kila kompyuta ikizimwa. Composer itakataa kushusha chochote ikitaja "curl error 60" na cheti cha SSL. Kabla ya kutafuta vyeti, tazama saa pembeni chini ya skrini.

Na kama mradi wa rafiki yako una kurasa zilizopambwa na unaletewa "Vite manifest not found", hapo Laravel inawaka, ila mapambo hayajajengwa. Unahitaji Node.js, kisha npm install na npm run build. Npm nayo inakula MB kama Composer, au zaidi, kwa hiyo mwombe akutumie folda ya public\build iliyokwisha kujengwa.

Fuata kwa mpangilio huo: PHP, php.ini, vendor, .env, bootstrap\cache, serve, hifadhidata. Usiruke. Ukikwama, niandikie ukinakili maandishi yenyewe ya majibu ya where.exe php, php -v, php --ini na php -m, pamoja na ule mstari mmoja wa local.ERROR. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu hunifanya nikisie herufi. Kama utanitumia .env pia, futa kwanza kilichoandikwa mbele ya APP_KEY na DB_PASSWORD.